Mkono Unaosema Hapana

Asubuhi ya kwanza niliyofika kazini nilimkuta Mzee akiosha mikono kwa namna ambayo sikuwahi kumwona mtu yeyote akiosha, isipokuwa mimi mwenyewe.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mlango wa chumba u wazi, beseni chini na kikombe chenye mishikio miwili mkononi. Akamwagia mkono wa kulia, akahamisha kikombe, akamwagia wa kushoto, kisha wa kulia tena, kwa zamu, bila haraka. Mguu wake ulikuwa bado haujagusa sakafu. Nilisimama na ufagio wangu nikamtazama bila adabu. Mkewe, ambaye niliambiwa nimwite Mama, akalibeba lile beseni kama mtu abebaye makaa, akalipeleka nyuma ya nyumba na kuyamwaga maji kwenye kona ambayo hakuna apitaye.

"Hii maji wewe hapana gusa," akaniambia aliporudi. "Hapana mwagia maua. Hapana mwagia kuku. Usiku mtu nalala, roho mchafu nakaa hapa, juu ya vidole. Asubuhi natoka na maji."

Moyo wangu ulipiga kwa furaha. Najua si jambo la kumfurahisha mtu, lakini nilijiona nimefika kwetu.

Walikuwa Wayahudi. Kabla ya hapo nilidhani Wayahudi waliishia kwenye Biblia. Hawa walikuwa wametoka Ulaya wakati wa vita vya Hitla, na Mzee alikuwa fundi mkuu wa mashine za kuchambua mkonge katika shamba moja chini ya Voi, kwenye njia ya kwenda Mwatate. Nyumba yao ilikuwa mbali kidogo na kiwanda, lakini upepo ukigeuka, harufu ya mkonge uliooza iliingia hadi kwenye sukari. Kiswahili chao kilikuwa kile cha mashambani, kinachotembea bila viatu, lakini walikizungumza wao kwa wao hata nisipokuwepo, kwa sababu, Mama aliniambia, lugha yao ya zamani ilikuwa imejaa watu waliokufa.

Lazima niseme nilivyo, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Mimi ni mtu wa kuogopa. Nilikuwa naosha mikono mpaka ngozi ya vidole ikapasuka, kisha naogopa kwamba uchafu utaingia kwenye ile mipasuko. Nilitolewa shule darasa la nne, mama alipofariki, ili niangalie nyumba na mbuzi. Kusoma kwa kweli nilijifundisha kwa magazeti yaliyofungia sukari dukani, na nikikosea herufi moja nilianza ukurasa upya. Hata haya ninayoyaandika sasa, nimeshayaanza zaidi ya nilivyo tayari kukiri. Baadaye nilipookoka, nilijiunga na wenzangu waliookoka pale Voi, tukawa tunakutana na kutubu mbele ya wote. Wengine walitubu ulevi na uongo. Mimi nilitubu ndoto. Nilitubu kuitazama sahani ya jirani. Kiongozi wetu aliniambia siku moja kwa upole, "Dada, punguza kidogo, wengine nao wanataka nafasi."

Kwa hiyo jiko la Mama lilikuwa kama peponi kwangu. Sufuria za nyama zilikaa kabati lake na za maziwa kabati lake, zisikutane hata kwa kijiko. Nyama ilitiwa chumvi na kukaa juu ya ubao ulioinama mpaka damu iishe. Kucha zilizokatwa zilifungwa kwenye karatasi na kuchomwa. Niliyashika yote kwa wiki moja. Mama alipita nyuma yangu na kutikisa kichwa kwa mshangao. "Wewe nashinda mimi," alisema, na nililala na sifa hiyo kifuani.

Kisha nikakosea. Nilikoroga mchuzi wa nyama kwa kijiko cha maziwa. Hakuna aliyeniona. Nilikimbia hadi barazani nikapiga magoti mbele ya Mama, nikamwambia nimelitia najisi jiko lake na anifukuze.  Akaenda jikoni, akakiangalia kijiko, akanusa sufuria, akamwita mumewe, wakazungumza kidogo. Kisha akaanza kucheka.

"Kijiko tu! Nazika wiki moja kwa mchanga, halafu tunachemsha. Mchuzi napa mbwa. Kwisha. Mbwa nasema asante."

Nilikasirika. Nilitaka adhabu. Nilishangaa kwamba mtu anaweza kushika sheria nyingi namna hiyo na bado akacheka.

Dada yangu alikuja wiki iliyofuata, siku ya soko. Tumebaki wawili tu tulio hai, yeye mkubwa. Alikuwa ameteremka kutoka Mbololo, kwetu milimani, na mtoto mgongoni, mvulana wa miezi saba ambaye nilikuwa bado sijamshika. Alipozaliwa nilikataa kupanda, kwa sababu nilijua baba atamfanyia mambo ya kienyeji.

"Hodi hapa kwa wasafi!" akaita kutoka mlango wa jikoni.

"Karibu, dada. Subiri hapo hapo. Hapa hapaingiwi na viatu vya barabarani."

"Viatu vipi? Sina viatu. Unataka niache miguu nje?" Akaketi kwenye ngazi, akamvuta mtoto mbele. "Unanuka sabuni kuliko duka la Mhindi. Njoo umwone mtoto wa mwenzio."

Nilimwona. Macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Tumbo lilimwendesha, likatulia akipewa dawa ya dispensari, likarudi na homa. Dada alikuwa amezika mmoja kabla ya huyu, mwenye ugonjwa kama huo huo. Hakunikumbusha. Hakukuwa na haja.

"Baba amekwenda kuuliza," akasema.

Nilijua maana yake. Baba alikuwa amekwenda kwa mpiga ramli.

"Ameambiwa kuna hasira nyumbani kwetu. Hasira inayokaa moyoni mwa mtu wetu ndiyo inayomla mtoto. Jumamosi tunatasa. Baba amesema uje."

Kutasa ni jambo la sisi Wadawida, watu wa milima ya Taita. Watu wa nyumba moja hukusanyika, na yule mwenye hasira huchukua funda la maji ya muwa au la pombe, akaitaja hasira yake, akasema imtoke, kisha akalipuliza funda lile nje litawanyike kama manyunyu. Ndivyo babu zetu walivyoomba. Sisi tuliookoka tulifundishwa kwamba huko ni kumtemea Mungu usoni.

"Hasira ya nani?" niliuliza.

"Hakusema. Amesema tu uje."

Nilidhani najua. Baba alikuwa na hasira nami kwa kuokoka, na sasa alitaka nije nisimame nikilowa mate yake. "Mimi siwezi kurudi gizani," nikasema.

"Giza gani? Tunatasa saa tatu asubuhi."

"Unajua nisemalo."

"Sijui. Nyinyi mkiomba mnapiga kelele mpaka mbuzi wanakata kamba. Baba akisema maneno mawili polepole, hilo ndilo giza." Sauti yake ikabadilika. "Mdogo wangu, sikuombi uamini. Nakuomba uje usimame. Akifa huyu, mimi sitazaa tena. Nimeshajua."

"Nitamwombea hapa."

"Haya. Mshike basi umwombee."

Akaninyooshea mtoto. Alikuwa amejichafua, kinyesi chembamba kikitiririka kwenye mguu. Nikarudi nyuma. Haikuwa hatua kubwa, lakini dada aliiona.  Alimfuta mtoto kwa pindo la leso yake, akamfunga mgongoni, akaondoka, na mimi nikachota maji nikaisugua ile ngazi.

Kesho yake Mzee alinichukua kwenda naye stesheni ya Voi, nimsaidie kubeba vitu vidogo wakati yeye na dereva wa lori wakichukua kasha la vipuri. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Tulipofika, treni ilikuwa imesimama, ile yenye nyaya madirishani, iliyokuwa ikipeleka watu wa bara waliokamatwa na serikali ya wakoloni kwenye kambi za kizuizini. Vidole vilitoka katikati ya nyaya. Mtu mmoja ndani aliomba maji kwa Kiswahili kizuri tu, kama mtu anayeomba nyumbani kwa jirani.

Watu waliokuwa jukwaani walirudi nyuma. Mwanamke aliyeuza ndizi za Taveta alilivuta kapu lake lisikaribie behewa. "Upelekeni mbali huo uchafu," alisema mwanamume mmoja aliyevaa suruali safi, na wengine wakaitikia. Mimi nikajifunika pua kwa leso.

Mzee aliniona. Nilidhani ameugua ghafla, maana uso wake ulikuwa umebadilika rangi na mkono wake ukashika ukuta.

"Wewe nasikia harufu gani?" akaniuliza.

Nilivuta hewa. Kulikuwa na moshi wa treni na grisi na ndizi. "Hakuna, Mzee."

"Basi kwa nini nafunika pua?"

 Alichukua chupa ya maji kutoka kwenye lori, akaenda nayo hadi dirishani. Askari akamfukuza, Mzee akarudi, akaketi juu ya lile kasha mpaka treni ikaondoka.  Njiani dereva, aliyezoea utani wa Mzee, aliimba kidogo, akaacha.

Alasiri Mzee aliniita barazani. Alikuwa na njugu za maganda kwenye karatasi, zile zinazouzwa stesheni. Akanionyesha kiti. Sikuwahi kuketi mbele yake.

"Baba yangu nafundisha mimi kitu," akaanza. "Lakini yeye nasema hii kitu hapana fundisha mtu kama hapana fika miaka arobaini, na tumbo iko jaa. Wewe iko miaka ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Kula njugu. Tumbo ijae kwanza."

Kutoka ndani Mama akapiga kelele, "Iko bado! Wewe natisha yeye bure!"

"Mimi natisha yeye leo," alijibu, "kesho mtu mwingine hapana tisha."

Nilikula njugu moja kwa adabu, baada ya kuifuta ngozi yake nyekundu kwa kidole mpaka ikabaki nyeupe kabisa. Alinitazama nikifanya hivyo.

"Mimi iko na baba, na mama, na dada mbili, na watoto ya dada," alisema. "Wote kwisha. Wewe nasikia? Wote. Na ile watu ilikuwa naua wao, wewe nafikiri iko chafu? Iko safi. Safi sana! Viatu nang'aa. Mashati nyeupe. Iko andika vizuri, iko hesabu vizuri. Ile nasema sisi ndio uchafu. Ile nasema nchi nataka osha. Leo mimi natazama wewe, mtoto mzuri, mimi naona wewe nafunika pua."

  Nilisema kitu ambacho tungesema kwenye mkutano wetu: "Shetani aliwaingia, Mzee."

"Wewe nataka Shetani iko mbali, iko na pembe," alisema, si kwa ukali. "Sikiliza. Mungu iko na mkono mbili. Huku kulia nasema ndiyo: kuja, kula, kaa, iko nafasi. Huku kushoto nasema hapana: hapa mwisho, hapa mpaka, hii haki, hii makosa. Dunia nataka mbili. Kama ndiyo tu, bahari nakula nchi. Lakini baba yangu nasema, zamani, mbele ya dunia, ile mkono ya hapana nataka kaa peke yake. Hapana taka huruma. Nakuwa moto tu. Vyombo ya mwanga navunjika. Ile vipande naanguka, nakuwa maganda, kama hii." Akapasua njugu, ganda likalia. "Hapo ndipo uchafu natoka. Hapo ndipo ubaya nazaliwa. Sisi naita upande nyingine."

Nilisahau adabu. "Kwa hiyo ubaya umetoka kwa Mungu?"

"Natoka kwa haki yake. Haki iko mzuri. Hasira ya haki iko mzuri. Lakini peke yake, bila ndugu yake..." Alifungua mkono wake wa kushoto, ganda tupu likaanguka.

Nilisimama, karatasi ikaniponyoka, njugu zikatawanyika barazani. Nataka kueleza mshtuko ule vizuri, na sijaweza hata mara moja. Maisha yangu yote nilijua uchafu uko nje, nami kazi yangu ni kufunga mlango. Sasa mtu huyu, mwenye kuosha mikono kila asubuhi kabla ya kukanyaga chini, ananiambia kwamba mlango wenyewe, ukifungwa mno, ndipo uchafu unapotokea. Kile nilichokiita usafi wangu, ile sauti inayosema hapana, bado, rudia, haijatakata, ndiyo aliyokuwa akiieleza. Niliitambua kama mtu atambuavyo nguo yake kwenye kamba ya jirani.

"Basi mtu afanye nini? Atupe maganda yote?" nilimuuliza, na nadhani nilikuwa nikilia.

"Iko ganda ngumu, hii natupa. Lakini iko hii dogo." Aliokota njugu moja chini, akanionyesha ile ngozi nyekundu nyembamba. "Hii nashika njugu sana. Nusu ganda, nusu chakula. Karibu mambo yote ya mtu iko hapa. Wewe nataka sugua mpaka kwisha, siku yote nasugua, njugu nakauka, hapana kula. Na ile hasira ya kusugua, unajua nani nakula? Upande nyingine nakula. Nanenepa!"

Akaitia mdomoni na ngozi yake, na vumbi la baraza, akatafuna.

"Mungu wangu," alisema Mama kutoka mlangoni. "Nakula chini kama kuku. Halafu nafundisha watu."

Sikurudi jikoni siku hiyo. Nilimchukia Mzee. Niliamua kwamba ni mpotevu na kwamba nitatafuta kazi nyingine kwa watu wa kawaida. Ijumaa nilimsaidia Mama kuandaa mishumaa yake ya Sabato nikiwa nimekunja uso.

Jumamosi ilikuwa siku yao ya kupumzika, kwa hiyo yangu pia. Nilipanda Mbololo. Ningependa kuandika kwamba nilikwenda kwa upendo au kwa imani. Nilikwenda kwa sababu ya wazo moja lililoniamsha alfajiri likanikalisha kitandani: kwamba mtoto akifa nitakuwa nimekaa Voi, nikiwa safi.

Huko juu kulikuwa na ukungu, na migomba ilikuwa ikidondosha maji. Walikuwa wamekusanyika uani kwa baba, ndugu zake wawili na wake zao, na dada kwenye mkeka na mtoto mapajani. Mtoto hakulia. Hilo ndilo lililonitisha kuliko kilio chochote. Dada aliinua macho, akanisogezea nafasi kwenye mkeka.

Baba alikuwa ameshika kibuyu cha maji ya muwa. Nilikuwa nimejiandaa njiani kote. Nilisema kwa sauti ya mkutano, "Baba, nimekuja. Toa hasira yako juu yangu, nami nitasimama."

Wazee wakatazamana. Baba akanitazama kwa huruma ambayo sikuizoea.

"Hasira si yangu, mwanangu."

"Ni ya nani?"

"Yule mpiga ramli alinizungusha asubuhi nzima. Nilijitaja mimi, akakataa. Nikawataja hawa ndugu zangu, akakataa. Nikamtaja hata mama yako, Mungu anisamehe. Akakataa. Akasema ni ya yule aliye bondeni."

Aliye bondeni nilikuwa mimi tu.

 Nilisema maneno mengi kwa wakati mmoja. Kwamba mimi nimeokoka, kwamba sina hasira na mtu, kwamba niliwasamehe wote, jina kwa jina, mbele ya watu, pale Voi.

"Mbele ya watu, sawa," alisema baba. "Sisi hukutuambia."

"Na ulitusamehe nini?" dada akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli.

Mke wa mmoja wa baba zangu wadogo akasema chini kwa chini, "Msamaha wa kusikia kwa jirani," na mwingine akamfinya anyamaze.

Nilifungua mdomo niseme hakuna kitu. Kilichotoka sikukitarajia. "Mlinitoa shule. Dada aliolewa, mama akafa, mkanitoa mimi. Nilikuwa wa kwanza darasani, na mlinitoa kwa ajili ya mbuzi. Na dada anazaa, na kila mtu anafurahi, na hakuna aliyewahi kusema kwamba nilitolewa."

Sauti yangu ilikuwa ya kutisha. Niliisikia mwenyewe. Ilikuwa sauti ile ile ninayojisemea nikikosea herufi.

Baba aliinamisha kichwa. "Nilikutoa," akasema. "Ni kweli. Nilikuwa sijui la kufanya." Basi. Hakueleza zaidi, hakujitetea, na mimi niliyekuwa nimejiandaa miaka yote kwa mabishano nilikosa mahali pa kushika.

Akaninyooshea kibuyu.

Nilikichukua, kwanza nikasema maneno, kwa sababu ndivyo inavyofanywa: kama kuna hasira moyoni mwangu juu ya baba yangu, na dada yangu, na mtoto huyu ambaye hakunikosea lolote, itoke, iende, mtoto apone. Kisha nikajaza mdomo. Kilichobaki kilikuwa kupuliza tu.

Sikuweza. Sikuzuiwa na dini, kwa aibu yangu nasema. Nilizuiwa na kuhakikisha. Nilijichungulia moyoni kuona kama hasira imetoka yote, nikaikuta ipo. Imepungua, lakini ipo. Nikasema nafsini, ukipuliza sasa utakuwa umesema uongo. Ngoja. Nikangoja. Maji ya muwa yalipata joto mdomoni. Mtoto aligeuza kichwa polepole, kope nusu wazi, na dada akaweka kiganja karibu na pua yake kuona kama anapumua. Na mimi bado nilikuwa nimesimama, mashavu yamejaa, nikitafuta moyo uliotakata.

"Mwanangu, tema," alisema baba.

Nilitikisa kichwa. Nilijaribu kumwonyesha kwa mkono kifuani: bado, bado ipo.

"Najua ipo. Hakuna aliyewahi kuitoa yote. Mimi sijawahi. Tema uliyo nayo."

Nilipuliza. Nilifanya vibaya, hakuna aliyewahi kutasa vibaya vile. Nusu ilinipalia, nusu ikatoka puani, na iliyobaki ikamrukia baba kwenye shati. Nikakohoa mpaka nikainama. Wazee wakacheka, yule mama mdogo aliyefinywa akacheka kuliko wote, na baba akajifuta shingo akisema, "Hiyo imetoka na mizizi yake." Kisha naye akachukua funda, akataja siku aliyonitoa shule, akasema imtoke pia, akapuliza taratibu, manyunyu mazuri yakashuka juu yetu sote.

Hakuna muujiza uliotokea. Baba mwenyewe ndiye aliyesimama wa kwanza. "Sasa mpelekeni hospitali," alisema. "Dawa itapata njia."

Hospitali ilikuwa upande wa pili wa mlima. Dada alikuwa amechoka hata kufunga leso kulimshinda. "Hajakojoa tangu jana," aliniambia kwa sauti ndogo, tukiwa wawili tu. Alikuwa amemsikia muuguzi, wakati wa yule mtoto aliyemzika, akiuliza swali hilo, na jibu likawa hilo hilo, na alijua lililofuata.

Nilimchukua mtoto. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Tulikwenda hivyo, nikimbeba mimi, tukisimama kila mahali penye kivuli dada amjaribishie ziwa na kumdondoshea maji ya muwa ulimini kwa kidole. Mwanzoni maji yalitoka pembeni mwa mdomo. Baadaye aliyalamba. Baadaye alinyonya, kidogo, akaacha, akanyonya tena.  Jua lilikuwa juu sana, na nilikuwa nikimsikiliza mgongoni jinsi nilivyokuwa nikijisikiliza mimi mwenyewe miaka yote, kila pumzi, naogopa kuikosa moja.

Tulikuwa tumevuka kijito cha mwisho na kuanza kupanda nilipohisi joto mgongoni. Lilianza dogo, kisha likaenea, likashuka kiunoni, likaniteremkia mguuni hadi kwenye kifundo. Nilisimama katikati ya njia. Nilielewa kabla sijajiruhusu kuelewa.

"Dada!" nilipiga kelele. "Dada, njoo, njoo!"

Alikuja mbio na uso wa mtu anayejua anaitiwa nini. Nilishindwa kusema, nikamgeuzia mgongo. Akatia mkono chini ya leso, akautoa umelowa, akautazama, akaunusa. Akaketi chini pale pale kwenye vumbi akaanza kulia kwa sauti, na mimi nikalia nimesimama, mkojo ukiniingia kwenye kiatu.

"Amekukojolea," alisema dada alipopata sauti. "Wewe uliyeokoka. Amekuona wewe ndiwe choo."

"Na aendelee," nilisema.

"Tembea basi, usisimame. Kabla hajajua amekosea mtu."